Mashine ya Mulinge Ilipoanza Kusema

Mulinge wa Kilungu ni mtu wa kichwa kigumu, na hilo hata yeye hakatai. Kwa miaka kumi na minne alikuwa mpokea simu katika ofisi moja mjini Wote, akiwajua watu kwa sauti zao, mpaka kila mtu akawa na simu yake mfukoni, na ile mashine ya kuunganisha simu ikaondolewa pamoja naye. Alirudi katika nyumba ya marehemu mama yake akiwa na laptop, fimbo nyeupe na kinyongo kimoja.

Kinyongo chenyewe kilikuwa hiki. Mulinge haoni tangu utotoni, na laptop yake humsomea skrini kwa sauti. Lakini sauti hiyo huja mwisho, kompyuta ikishaamka yote. Ikikwama kabla ya hapo, inanyamaza tu, imeandika ugonjwa wake kwenye skrini kwa ajili ya wenye macho, na kipofu anabaki akitafuta mtu wa kumwomba. Mulinge alichoka kuomba. Basi akaamua kuunda kernel yake mwenyewe, yaani ile programu ya ndani kabisa inayoamka kwanza na kuziamuru nyingine zote, na akaapa kwamba yake itasema kuanzia dakika ya kwanza. Watu wengine wakiachishwa kazi hufuga kuku.

Aliandika kwenye laptop, akajaribia kwenye kompyuta kuukuu iliyounganishwa na kisanduku cha kusemea. Miaka sita kisanduku kilikaa bubu. Kujua kosa liko wapi kulihitaji macho, na macho yalikuwa ya Nzilani.

Nzilani, mama yake Kasiva, ni mjane wa boma la pili. Kila siku saa nne asubuhi, akitoka kupeleka maziwa, alipita kumsomea. Mjane kuingia kwa mwanamume asiye na mke si jambo dogo pale, hasa kwa kuwa Syombua, mwenyekiti wa akina mama kanisani, ana shamba linalotazama njia. Kwa hiyo mlango uliachwa wazi, kiti cha plastiki kikawekwa kizingitini, na kila mtu alijua sababu: anamsomea kipofu. Alisoma, akanywa chai, akaeleza nani amejifungua na ng'ombe wa nani amekataa kula. Kiingereza kilimtoa jasho, akisoma herufi moja moja, mpaka Mulinge akabadilisha maandishi yote yawe ya Kiswahili. Siku hiyo Nzilani alicheka sana.

"Kumbe hii kitu inaongea lugha ya watu!"

"Bado haiongei, Mama Kasiva," Mulinge alisema. "Inaandika tu."

Mwezi wa saba ikaongea. Nzilani alikuwa pale pale kizingitini kisanduku kilipokoroma na kusema, kwa sauti ya mtu mwenye mafua: "Kumbukumbu, sawa. Kibodi, sawa. Sauti, sawa." Nzilani alipiga vigelegele. Mulinge alilia wala hakuona haya. Jumapili Nzilani akatoa ushuhuda kanisani, watu wakapiga makofi. Jumatatu hakuja.

Jumanne hakuja pia. Angekuja kufanya nini? Kilungu nzima ilijua sasa kwamba kompyuta ya Mulinge inajisomea, maana Nzilani mwenyewe ndiye aliyeitangaza. Wiki tatu zikapita. Mulinge alichemsha chai ya watu wawili kwa mazoea, akaimwaga. Kile alichokuwa akikitaka alikuwa nacho, na alikuwa mpweke kuliko siku zile za kuomba. Kila asubuhi kisanduku kilimwambia kila kitu kiko sawa. Habari za ng'ombe hakikuwa nazo.

Alhamisi moja akaizima sauti. Ilikuwa kazi ya kugeuza neno moja tu katika programu. Kisha akapiga simu.

"Mama Kasiva, imekataa tena. Imenyamaza."

Alikuja mbio, akihema, akinuka moshi wa jikoni. Akavuta kiti kizingitini na kuanza kusoma kama zamani.

"Kumbukumbu, sawa. Kibodi, sawa. Sauti..."

Mulinge alikuwa amesahau kwamba aliiunda mashine hii isifiche kitu, na kwamba aliiandikia Kiswahili kwa ajili ya huyu huyu.

"Sauti," Nzilani akasoma pole pole, "imezimwa na mwenyewe."

Nje kuku walikuwa wakichakura.

"Mulinge. Mwenyewe ni nani?"

"Ni mimi."

"Na nimeacha sufuria kwa moto."

"Nisamehe."

"Syombua ameniona nikikimbia. Sasa nitamwambia nini?"

"Mwambie nilikuita kwa sababu nakaa peke yangu, na imenishinda."

Chai ilikuwa tayari mezani, vikombe viwili, na hakuna aliyekigusa chochote.

"Hiyo siwezi kuambia Syombua," Nzilani alisema. Hakukuwa na hasira katika sauti yake, na hilo ndilo lililomuumiza Mulinge zaidi. Aliinuka, akakirudisha kiti ukutani. Mulinge alizisikiliza hatua zake zikiteremka njiani mpaka zikaisha. Kisha akaligeuza lile neno, akaiwasha mashine upya.

"Sauti, sawa," ikasema.