Winga wa Kiamaiko

Alikuja uwanjani mara ya kwanza akiwa bado amevaa gambuti za machinjioni, damu imekauka visiginoni. Timu yetu ya mtaa ilikuwa ikifanya mazoezi kwenye kiwanja cha vumbi kati ya Lucky Summer na viwanda vya Baba Dogo, na mimi nilikuwa beki wa kulia. Wengi wetu tulikuwa watoto wa watu waliotoka magharibi mwa nchi, baba zetu wakiingia shifti viwandani. Wachache walikuwa Wakamba. Yeye alikuwa Mborana, mtoto wa mfanyabiashara wa mbuzi Kiamaiko. Hatukuwa tumewahi kuona Mborana akicheza kandanda.

"Wewe unajua boli ama unajua mbuzi tu?" golikipa wetu alimuuliza.

"Zote," akajibu, akavua gambuti, akaingia miguu mitupu.

Niliambiwa nimkabe. Jioni ile alinipita mpaka nikaona haya kutazama watu.

Baba yake hakutaka kusikia habari hizo. Mzee alisema mwanamume kukimbia na kaptura mbele ya wanawake ni aibu. Kwa hiyo mwanawe alianza kuchinja alfajiri, amalize kazi yote ili asipewe sababu ya kuzuiwa. Tukienda kucheza mitaa mingine, mashabiki walilia kama mbuzi kila akigusa mpira. Wengine walimwita shifta, kama majambazi wa mpakani. Siku moja nilimuuliza kama hasikii.

"Nasikia," alisema. "Mpira ukifika mguuni ndio kelele zinapotea kidogo masikioni."

Klabu moja ya ligi kuu ikamchukua. Katika watu wake wote wa Kiamaiko, hakuna aliyekuwa amefika huko kabla yake. Mechi ya kwanza niliisikiliza kwa redio pale soko la mbuzi, nimekaa kando ya baba yake. Mtangazaji alikuwa akilitaja jina lake vibaya, na mzee akawa anamsahihisha kwa sauti, kila mara, kana kwamba yule mtu angemsikia. Sikuwa nimewahi kumwona mzee yule akiwa na furaha namna ile, wala sikumwona tena hivyo.

Misimu michache baadaye aliumia goti. Klabu ilimtembelea hospitalini mara moja, ikampelekea matunda, basi. Akarudi Kiamaiko akichechemea.

Siasa za vyama vingi ziliporudi, sisi vijana tulimsukuma asimame udiwani. Aliahidi jambo moja tu: kiwanja hakitaguswa. Tayari kulikuwa na fununu kwamba tajiri fulani amekitolea macho. Wapinzani walisema tunampa kura mtu wa kuja, ingawa alizaliwa hapo hapo. Tukampigia hata hivyo. Aliposhinda tulimbeba mabegani kutoka kituo cha kuhesabia kura, naye akicheka huku ameuma meno kwa maumivu ya goti.

Furaha hiyo haikudumu. Akitoka kwenye mikutano ya madiwani, uso wake ulikuwa umekauka.

"Nikisimama kusema, wanacheka ninavyoongea," aliniambia. "Wakimaliza kucheka, muda wangu umeisha."

Asubuhi moja tingatinga likaja kiwanjani, pamoja na lori la askari. Alifika mbio, kwa mwendo wake ule wa kuvuta mguu, akasimama mbele ya mashine. Sisi tulisimama nyuma yake. Askari mmoja akamwomba kitambulisho. Akatoa. Askari akakigeuza huku na huku.

"Na cha babu yako?" Ndivyo walivyoulizwa watu wa kwao kila mara, kana kwamba si raia.

"Mimi ndiye diwani wa hapa."

"Nimeuliza cha babu yako."

Alipandishwa kwenye lori. Nilimsindikiza mama yake mahakamani Makadara, tukasikia mwanawe ameshtakiwa kwa kuzuia askari kufanya kazi. Kesi iliahirishwa, ikaahirishwa tena, mwishowe ikaondolewa. Kufikia hapo maghala ya yule tajiri yalikuwa yameshaezekwa pale kiwanjani.

Kilichomvunja kilikuja baadaye. Maneno yakaenea kwamba alikamatwa kwa kuigiza tu, kwamba alikula na tajiri. Nilibishana na watu dukani, nikabishana nyumbani.

"Baba, nilikuwepo. Niliona wakimtupa kwenye lori kama gunia."

"Hawa watu hawana shamba hapa," baba alisema. "Atalindaje kitu ambacho si chake?"

Nilimwambia kwamba hata sisi hatuna shamba hapa, tunakaa chumba cha kupanga. Akaongeza sauti ya redio.

Uchaguzi uliofuata alishindwa vibaya, hata katika kituo cha kura cha mlangoni kwetu. Golikipa wetu wa zamani alimpigia kampeni mpinzani.

Mwaka huo huo, mwishoni, nilimkuta Kiamaiko, ameketi juu ya debe katikati ya mbuzi. Baba yake alikuwa amefariki. Akanikaribisha chai ya maziwa, akanijulia hali ya wazazi wangu wote wawili, hata ya baba. Nikamuuliza kama kuna vijana wa kwao wanaocheza siku hizi.

"Wacheze wapi?"

Timu ilikuwa imeshavunjika, na mimi nilikuwa nafanya kibarua cha kupakia sabuni. Mnunuzi akaja, naye akainuka kwa shida, akashika mbuzi mmoja na kumfungua mdomo ili mteja aone meno. Walianza kubishana juu ya umri wa mnyama. Nilimaliza chai, nikaweka kikombe chini, nikaondoka bila kumuaga, maana nilijua angetaka kunisindikiza, na barabara ni mteremko, mbaya kwa goti lake.