Mkono Uliokamua Mabibo

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Kutoka kwangu Magomeni, hii yetu ya kusini, si ile ya Dar, hadi sokoni naita safari, na nikirudi nastahili pole. Kwa hiyo daktari aliponiambia kalsiamu imezidi katika damu yangu, na kwamba kipimo cha pili kikisema vilevile nitapelekwa Dar es Salaam kuchunguzwa vitezi vya shingoni vinavyoiongoza, pengine na kupasuliwa, sikuogopa kisu. Niliogopa Dar.

Mke wangu hakunihurumia. "Nanyamba penyewe hujafika tangu mwaka juzi, leo unaitwa Dar!"

Nanyamba ndiko kwa mama yake, kwenye mikorosho. Kila msimu wa kuokota korosho ukifika, mimi huugua. Mwaka huu angalau ugonjwa wangu ulikuwa na karatasi.

Siku ya kipimo cha pili, binti wa maabara alinifunga mpira juu ya kiwiko, akasema nikunje ngumi, akageuka kuchukua kichupa. Mishipa yangu ni mivivu kama mwenyewe, nikaona niisaidie. Nikakunja, nikakunjua, nikakunja tena, mpaka jasho likanitoka.

"Baba, unafanya nini?"

"Nakamua mabibo, yale matunda ya mkorosho, mwanangu. Damu ije upesi, usinichome mara mbili."

"Na siku ya kipimo cha kwanza ulikamua hivi?"

"Siku ile nilijaza ndoo! Mwenzako alikwenda kutafuta sindano, akaniacha na mpira wake mkononi."

Alicheka mpaka akashika meza. Akafungua mpira, akanieleza: mkono ukibanwa muda mrefu, maji ya damu hupenya nje ya mshipa, inayobaki huwa nzito, na mashine husoma kalsiamu nyingi kuliko uliyo nayo. Kukamua ngumi nako huipandisha.

"Sasa tupumzike kidogo, halafu tuanze upya. Legeza mkono, baba. Kaa kama uko kwako."

Kukaa kama niko kwangu! Kidato cha nne nilipata sifuri ya hesabu, lakini mtihani huo naujua.

Majibu yakatoka: kawaida kabisa. Nikaingia nyumbani kifua mbele, nikasimulia yote, na ndoo ya mabibo nikaiongezea ya pili.

Mke wangu akaisoma karatasi hadi chini, akaikunja, akaitia kwenye pochi yake.

"Alhamdulillahi, mume wangu mzima. Basi kesho asubuhi Nanyamba. Mabibo ya mama yamejaa chini ya miti, na mkono unao."