Mjomba Anataka Tuwashe Mtambo Bila Kuujaribu kwa Maji, na Anayefungua Koki ni Mume Wangu

Admin, ficha jina langu tafadhali, maana Kasese ni ndogo na mjomba wangu naye anafuata ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, Mkonzo, nimeolewa, naishi Kasese mjini na kazi yangu iko upande wa Bwera. Naandika nikiwa nimesimama kwa sababu kukaa kumenishinda. Nitajitahidi kwenda taratibu.

Mjomba, kaka yake mama, ana kiwanda cha sabuni huko huko Bwera, karibu na mpaka wa Kongo. Ndiye aliyenisomesha mambo ya kemikali na usimamizi wa miradi baada ya baba kufariki, na hajawahi kunisimanga. Mwaka huu anapanua kiwanda: tangi jipya la kostiki soda, ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, pamoja na mabomba ya kuipeleka ikiwa ya moto hadi kwenye pipa la kuchemshia. Akanipa mimi kupanga mradi mzima: kipi kitangulie, kipi kisubiri, nani afanye nini. Nilifurahi mno. Mimi ni mtu wa kupanga jamani, hata nguo nikianika nazipanga kwa urefu, mume wangu hunicheka.

Sasa, kabla ya kostiki kupita kwenye bomba jipya, lazima yapite maji kwanza. Unajaza maji, unayasukuma kwa nguvu, unakagua kila maungio. Maji yakikurukia unabadilisha shati. Kostiki ya moto ikikuingia machoni, umekuwa kipofu. Siku za kazi hiyo niliziweka mwishoni mwa ratiba, na mjomba alizikubali kwa mdomo wake.

Tatizo lilianzia kwa mafundi. Mjomba alichukua mafundi wa kuchomelea wote kutoka kilima kimoja kule Kyondo, ukoo mmoja, akisema ndugu hawagombani kazini. Kweli hawakugombana. Lakini bibi yao alipofariki waliondoka wote kwa pamoja, na nyie mnaotoka kwetu mnajua, kabla ya kuzika hakuna anayeshika jembe, sembuse mashine ya kuchomelea. Na mimi, Mkonzo mzima, niliyekulia kwenye misiba hiyo hiyo, kwenye ratiba niliweka siku za mvua, nikaweka na siku za umeme kukatika. Msiba nikausahau.

Waliporudi, muda ulikuwa umeisha. Alhamisi wanakuja wageni kuuona mtambo ukiwaka: watu wa benki na wafanyabiashara wa Butembo, kule Kongo, watakaonunua sabuni. Mjomba aliniita akaniambia, kwa upole kabisa, niondoe majaribio ya maji. Nikamweleza kwamba maungio ya chini ya jukwaa, pale anaposimama mfungua koki, yalimaliziwa harakaharaka na hakuna aliyeyakagua. Akasema mafundi wake anawaamini, na kama panavuja tutaona siku hiyo hiyo. Nikamuuliza nani atakayeona. Akaanza kunisimulia jinsi tajiri mmoja wa Butembo alivyompigia simu asubuhi. Huyo tajiri namjua. Kila akivuka mpaka swali lake ni moja, na kwamba watu wa kwao wanasubiri: "Mama, mashini iko tayari? Kule batu beko nangojea sabuni."

Hapa ndipo roho inaniuma. Atakayesimama kwenye koki ya kufungulia kostiki siku hiyo ni mume wangu. Baba yake alikuwa askari kutoka kaskazini, yeye amekulia kambini, na nyumbani tunaongea Kiswahili kwa sababu Kikonzo chake ni cha kuombea chumvi tu. Amehangaika miaka mingi bila kazi ya maana. Kiwandani yuko kwa majaribio, na mjomba amemwahidi kwamba mtambo ukiwaka Alhamisi ataajiriwa moja kwa moja. Nilipomwambia asikubali kusimama pale, nilidhani ataogopa. Akaweka sahani chini akasema:

"Wewe ukisimamisha hii mashini, ni mimi umesimamisha. Mimi nitavaa miwani, nitavaa glavu, nitafungua. Wewe iko na kazi. Mimi iko na nini?"

Tangu hapo tunasalimiana kama wapangaji. Jumapili kanisani alinishika mkono wakati wa sala, akauachia sala ilipoisha.

Kinachonivuruga zaidi ni kwamba huenda hakuna kinachovuja. Huenda mafundi walichomelea vizuri, Alhamisi watu watakula na kunywa, na mimi nitabaki yule mwanamke aliyetaka kumwaibisha mjomba wake na kumnyima mumewe kazi. Nawaza hivyo natulia kidogo, halafu nayakumbuka yale maungio ya chini ya jukwaa, naanza tena kuzunguka chumba. Nimefikiria kuwapigia wakaguzi wa serikali. Wakija watafunga lango, wageni watageuza magari, na mama yangu hatanisamehe. Nimefikiria pia kusema naumwa nisiende. Huo ni woga, najua.

Kazini kwetu koki ya aina hiyo haifunguliwi mpaka msimamizi wa mradi aseme "fungua" kwenye simu ya upepo. Msimamizi ni mimi. Jana nilijikaza nikamwambia mjomba kwamba neno hilo sitalitamka. Nilitegemea atafoka, na mimi nilikuwa tayari kufoka. Hakukasirika hata kidogo. Alinipigapiga begani akasema, "Basi pumzika, mwanangu. Nitasema mimi."

Ndugu zangu wa ukurasa huu, mliosomeshwa na wajomba, mnaofanya kazi viwandani, mlio na waume wanaotafuta kazi, leo ni Jumanne na simu iko mkononi. Msinitukane, niambieni tu: nimpigie nani, na nikishapiga, nitarudi nyumbani kwa nani?