Prodyuza Wangu Alivyopiga Bujonde

Niliyoyafanya Jumamosi kwa shangazi Tumpe, Bujonde, bado yananichoma. Mvua ilitukusanya kibarazani, mimi na akina mama waliotoka kupandikiza mpunga. Nikaona hapo ndipo pa kuwaonjesha muziki wa prodyuza wangu nimpendaye, yule anayechanganya hip hop na jazi. Nikawasha spika.

“Mnaomsikia kwa mara ya kwanza msitafute maneno,” nikawafundisha, macho nimefumba. “Anzeni na besi. Sikilizeni anavyochelewesha biti makusudi!”

Mvua kwenye bati ilikuwa inatuzidi sauti. Ilipokatika, mama yangu, muziki ulikuwa umenoga! Sauti nene zinaita huku, nyembamba zinajibu kule, mamia kwa pamoja, na hakuna inayoikanyaga nyingine. Mimi mwenyewe sikuwahi kumsikia akipiga vile. Mwili ukanisisimka, machozi yakanilenga.

“Huyu hakufundishwa na binadamu!” nikasema.

“Kweli kabisa, baba,” shangazi akajibu taratibu. “Ila spika yako ilizima tangu mvua inanyesha. Hao ni vyura wa kwenye jaruba langu la mpunga.”