Bendera Nyekundu Baada ya Bukwimba

Simu ilitoka nyumbani Mkolani, Mwanza, Ijumaa mchana: mama amefariki, mazishi kesho saa tisa. Mimi ndiye mzaliwa wake wa kwanza, na katika ukoo wetu udongo wa kwanza kaburini hutupwa na mzaliwa wa kwanza. Nilikuwa Shinyanga, ninakofundisha. Barabara ilikuwa imekatwa na maji, ikabaki treni.

Jumamosi saa mbili asubuhi tuliondoka katika mvua. Nilijipigia hesabu: saa saba niko Mwanza, saa nane msibani.

Tulipopita Bukwimba, treni ikaanza kujikokota. Gadi alipita akitangaza kwamba mvua imelegeza tuta la reli, na amri ni kwenda mwendo wa mtu. Nilidhani ni maneno tu. Kwenye kona nikachungulia dirishani: mbele ya injini alitembea mwanamume mwenye koti la mvua, bendera mbili kwapani, akidungadunga kokoto kwa mtaimbo. Nasi nyuma yake, kama ng'ombe wanaopelekwa mnadani.

Saa saba aliinua bendera nyekundu. Tukasimama.

"Wewe!" nikapiga kelele dirishani. "Inua ya kijani! Mama yangu anazikwa!"

Hakugeuka. Alikuwa amepiga magoti kwenye maji.

"Mama, kaa," gadi alinisihi. "Huyo akisema bado, ni bado."

Nilimjibu maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyajua. Mafundi wa reli walikuja, wakajaza mawe mpaka saa kumi.

Saa kumi na mbili jioni nilifika Mkolani nimelowa chapachapa. Kaburi lilikuwa limeshafukiwa.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Kaburi lilikuwa linajaa maji, tungengojaje?" Akafunua beseni pale barazani. Ndani mlikuwa na udongo, mkavu. "Huu ni wako. Tumekuwekea."

Nililia mpaka sauti ikakauka.

Jumatano nilianza kurudi. Jua liliwaka, anga limetulia kana kwamba halijamkosea mtu. Kabla ya Bukwimba treni ikapunguza mwendo, na pale tuliposimama siku ile nikaona mawe mapya. Yalikuwa yameziba shimo la kuingia ng'ombe mzima, moja kwa moja chini ya reli. Yule bwana wa bendera alikuwa kando yake. Nilimpungia mkono. Hakunijua.

"Hii treni au konokono?" abiria wa pembeni yangu alinung'unika. "Watu tuna haraka zetu."

"Mwache aende taratibu, kaka," nilimwambia. "Nyumbani tumeshazika mmoja. Anatosha."