Bawa la Kufunguliwa na Kufungwa

Walimwita Sindano kwa wembamba wake, na wembamba huo ndio uliomlisha. Kiwandani yeye ndiye aliyeingia ndani ya bawa la ndege na kipande cha chuma, akikikandamiza kwenye bati, huku nje shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, akipigilia ribiti, pini za kubana bati, kwa mashine. Hawaonani. Ribiti ikikaa, Sindano anagonga bati mara moja. Haijakaa, mara mbili. Nyumbani walikuwa paka na panya, ndani ya bati walielewana.

Serikali iliapa ndege za jeshi tutaziunda wenyewe. Wakaja wakubwa wengine, na viapo vingine. Wakanunua za nje, zimekamilika mpaka mikanda ya viti. Ila mkataba ulitaka wauzaji wawafundishe mafundi wetu kazi ya bawa la ndege hizo, humo humo kiwandani.

Siku moja meneja akaja anachekacheka. "Waziri anakuja na kamera. Mtafungua bawa la ndege mpya, mtalifunga tena mbele yake. Mkifanya vizuri, kiwanda kinabaki."

"Yaani bibi harusi wa watu tumvue nguo, tumvishe, halafu tuseme tumemzaa sisi?" Sindano akauliza.

Watu wakaangua kicheko.

"Shemeji, funga domo," akasema shemeji yake. "Unataka kazi au hutaki?"

Alikuwa anaitaka. Ana watoto, na ufundi mwingine hana. Basi akafungua, akafunga, akaichekea kamera mpaka mashavu yakamuuma. Waziri akapiga makofi kama kapewa pipi.

Kumbe wauzaji walikuwa wanazingoja picha zile tu. Wakasema: si mnaona, mafundi wenu wameshajua, cha kufundisha hakipo tena. Waziri akaitikia. Kiwanda kikafungwa kufuli, Sindano na wenzake wakatupwa nje kama makapi.

Akabaki shemeji, kawekwa kuwatembeza wageni kwenye zile ndege za kununua. Jioni moja akaja mlangoni kwa Sindano na sare mpya.

"Shemeji, wanatafuta mtu wa kuzifuta ndege vumbi. Nimekutaja."

"Ulijua zile picha ni za nini?"

Akaangalia viatu vyake. "Meneja aliniambia. Nina watoto, shemeji."

"Na hawa wangu wa nani? Si wa kaka yako?"



Sindano akamfungia mlango usoni. Watoto wakauliza baba mdogo alifuata nini.

"Kapotea nyumba," akasema, akarudi kwenye vyombo vyake.

Mpaka leo wakikutana njiani, Sindano anavuka upande wa pili.