Maziwa ya Kabla ya Kuoga

Mama mkwe wangu, Batasiya, aliwashika watoto wa kijiji hiki kabla mama zao hawajawashika. Nusu ya hawa unaowaona wakipita na pikipiki, wanajifanya hawatuoni, walitua kwanza mikononi mwake. Yeye ndiye aliyekuwa akikata kitovu. Kwa watu wa nyumba kubwa kitovu ni uchafu, damu ya uzazi ni uchafu, na uchafu una wenyewe, yaani sisi Wachamari, tabaka la chini, wa mtaa wa kusini. Tumewekwa kusini ili upepo usipitie kwetu kabla ya kufika kwao. Nayasema haya kwa ukali kwa sababu mwenyewe hajawahi kuyasema kwa ukali, na mtu akizidi kunyamaza inabidi mkwewe amsemee.

Desturi yenyewe ni hivi. Mtoto akizaliwa, mkunga anaingia chumba cha uzazi na kukaa humo. Anamkanda mama, anamkanda mtoto kwa mafuta ya haradali yaliyochemshwa na kitunguu saumu, anafua nguo, anazika kondo. Siku hizo mzazi naye ni najisi, kwa hiyo wawili hao wanalala chumba kimoja, wanakula pamoja, wanapiga umbea. Siku ya sita mama anaoga, sakafu inapigwa samadi ya ng'ombe, mkunga anapewa sari kuukuu na mchele, anatoka. Tangu hapo haingii tena, na yule mtoto aliyempokea kwa mikono yake hamgusi tena.

Alipozaliwa Nutan, mjukuu wa nyumba yenye lango la buluu, mama yake alishikwa na homa, hana fahamu, hana maziwa. Batasiya alikuwa na kichanga chake, Jogindar, ambaye leo ndiye mume wangu. Bibi mkubwa wa nyumba ile alichungulia mlangoni, akamsikia mjukuu anavyolia, kisha akageuzia uso ukutani. Batasiya akaelewa. Alimnyonyesha Nutan mpaka mama mtu alipopata nafuu na kuoga. Siku ya kumtoa Batasiya chumbani, bibi mkubwa alimwambia pale mlangoni: "Ya kabla ya kuoga hayahesabiwi. Usije ukaenda kuyatangaza."

Hakuyatangaza. Lakini mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Nilipoolewa hapa, Nutan alikuwa bado msichana wa sekondari, nami nikayaona kwa macho yangu. Kila asubuhi mama mkwe alikwenda kukata majani ya mbuzi kando ya mfereji, saa ileile Nutan anapopita kwenda shule, hata msimu ambao majani yamekauka na mbuzi wenyewe wameshauzwa. Alijua lini kabadilisha utepe wa nywele, lini ana kikohozi, lini kagombana na wenzake. Binti alimwita "Batasiya" kavukavu, bila mama wala shangazi, kama watoto wote wa kule wanavyowaita wazee wetu. Naye mkwe wangu aliitika kwa furaha ambayo mimi, nimkandaye miguu, sijawahi kuipata.

Siku moja Nutan alianguka na baiskeli mbele yetu. Mama mkwe alitupa mundu, akakimbia, akafika, akasimama. Mikono ameinyoosha, mgongo ameinamisha, na kati yake na yule msichana imebaki nafasi ndogo tu ambayo hakuivuka. Mtaani kwetu yuko mwanamume aliyevunjwa mkono kwa kumshika binti wa nyumba kubwa asitumbukie kisimani. Basi mama akabaki anapiga kelele mke wa mkamua mafuta, ambaye tabaka lake linaruhusiwa kuwagusa, aje amwinue. Jioni hakula. Nilipomwuliza ana nini, alinijibu: "Goti lilikuwa linatoka damu, mwanangu. Mimi ndiye niliyelikanda lile goti."

Kisha mambo yakabadilika, au ndivyo tulivyodhani. Barabara ilifika, hospitali ya mjini ikawa karibu, wakunga wakabaki bila kazi. Wazee wa mtaa wetu nao wakakaa, wakaamua: hatubebi tena mizoga ya ng'ombe wao, hatufui tena damu zao. Mimi nilishangilia kuliko wote. Mama mkwe aliitikia kwa kichwa tu, akaenda zake kuchambua mchele. Nutan alikwenda Patna kusoma, akapata kazi ya benki Delhi, akaolewa hukohuko, na kando ya mfereji pakawa hapana tena mtu wa kumngoja.

Mwaka juzi alirudi kwao kujifungua, maana mimba ya kwanza huletwa kwa mama. Alijifungulia hospitali, mtoto wa kiume, wakamrudisha nyumbani kwa gari lenye kiyoyozi. Sasa nani amkande? Nani afue? Muuguzi hafuati matambara nyumbani kwa mtu, na mle ndani hakuwamo mwanamke aliye tayari kutia mkono kwenye damu ya mwenzake. Wakatuma mtu kwetu.

Nilisimama mlangoni nikatanua mikono. Nilimwambia mama kwamba nyumba ile imejaa wake wa wana, na kila mmoja Mungu kampa mikono, wafue. Nilimwambia mtaa umeshaamua na atatutia aibu. Jogindar naye nikamchokonoa: "Mkanye mama yako. Au unataka aende kwa pacha wako wa titi?" Mume wangu akacheka kicheko cha mtu anayeumwa jino. Mama alikuwa anachana nywele, na si mtu wa kuchana nywele mchana.

"Siendi kufua," akasema. "Ninaenda kumshika. Ni siku hizi tu ninazoruhusiwa."

Nikampisha. Wewe ungemzuia vipi?

Basi ikawa jioni anarudi ananuka haradali, uso umemkunjuka. Nutan kamkumbatia. Nutan kalaza kichwa mapajani pake akalia yale machozi ya uzazi. Nutan haulizi tena Batasiya yuko wapi, anauliza mama mdogo yuko wapi. Kovu la goti bado lipo, na safari hii mama mkwe kalipaka mafuta kwa mkono wake. Mtoto naye kampa jina lao la siri, Ladu, kwa vile mashavu yake ni ya mviringo na matamu kama ladu, ile tamutamu ya unga na sukari. Ikawa Nutan hivi, Ladu vile, mpaka nikatamani kutia pamba masikioni. Na kubwa kuliko yote, alikuwa amepewa ahadi.

"Anasema mambo ya tabaka yamepitwa na wakati, kule Delhi hakuna anayeuliza," aliniambia. "Siku ya sita, akishaoga, nitampakata mtoto barazani mbele ya wageni wote."

"Kasema mwenyewe?"

"Kwa mdomo wake."

"Ahadi ya mtu aliyelala kitandani tutaiona akisimama," nikamwambia.

Alinitazama kwa huruma. Eti mimi ndiye wa kuhurumiwa! Hakutaka fedha, hakutaka sari. Alitaka jambo moja maishani: kumpakata mtoto wa Nutan baada ya kuoga, mchana kweupe, ili angalau hilo lihesabiwe. Usiniulize kama nilimwombea. Nilimwombea, ingawa kwa mdomo niliendelea kumkejeli.

Siku ilipofika nilimsindikiza. Tulikaa chini uani, karibu na zizi, mahali petu pa siku zote. Mke wa kinyozi alikuwa ameshamaliza kumkata mzazi kucha, na chumba kilinuka samadi mbichi na ubani. Wageni walijaa barazani, wake kwa waume, simu mikononi wanapiga picha. Nutan akatoka kwa sari ya manjano, nywele zinachuruzika maji, mzuri kweli, sitadanganya. Mama mkwe alinifinya paja.

Mtoto akaanza kulia. Akapitishwa kwa shangazi, kwa bibi, kwa bibi mkubwa, kila mmoja anamtikisa kama chupa ya dawa, naye anazidi. Akarudishwa kwa mama yake, hanyamazi. Tukasubiri mama mkwe aitwe. Hakuitwa. Nutan alikuwa anamtazama kila mtu ila upande wetu.

Mama mkwe hakuweza kuvumilia kile kilio. Hilo ndilo kosa lake, kama ni kosa. Siku zote zile mtoto akilia alimnyooshea mikono, na mikono ilikuwa imeshazoea. Nilimwona tu anainuka, anapanda ngazi za baraza, anamwita "Ladu, Ladu wangu," viganja wazi. Wageni wakashusha simu zao. Bibi mkubwa alikuwa kitini kwake, hakufungua kinywa, na wala hakuhitajika. Ni Nutan aliyemvuta mtoto kifuani na kumgeuzia bega, upesi, kama unavyomwepusha mtoto na moto.

"Si sasa, Batasiya," akasema. "Nimeshaoga."

Nilikuwa naitazama sura yake. Alishtuka kwa maneno yake mwenyewe, na hilo namkubalia. Lakini hakuyafuta, na bega lile hakuligeuza.

Mama mkwe alishuka ngazi. "Kweli," akasema, "nilisahau." Akajifuta viganja kwenye sari yake, huku na huku, kama vina kitu. Hapo ndipo nilipotaka kuvunja chochote kilicho karibu. Bibi mkubwa hakuniudhi, yule nimemzoea. Kilichoniuma ni lile neno "nilisahau," na mikono ile safi kuliko yote uani ikifutwa mbele ya watu. Walitupa mchele, sukari guru na sari, safari hii sari mpya, ingali na karatasi ya dukani. Mchele niliubeba kwa sababu watoto wangu wanakula. Ile sari imo sandukuni mpaka leo, hakuna aliyeivaa.

Njiani nilikuwa nimejiandaa kumwambia nilikuonya. Lakini yeye alitangulia mbele, na tulipofika kwenye mfereji aliniuliza kama nadhani mtoto ameshanyamaza. Nilimjibu kwa ukali kwamba sijui. Kisha nikalia, mimi, si yeye.

Miezi ilipita, Jogindar akapata ujumbe kwenye simu, kutoka Delhi. Nutan aliandika kwamba siku ile watu walikuwa wengi, kwamba bibi mkubwa ana ugonjwa wa moyo na hakutaka kumuudhi, kwamba mama mdogo ana moyo mkubwa, ataelewa. Chini aliweka picha ya mtoto: anakaa mwenyewe sasa, anacheka, na meno yameanza kuchomoza. Mume wangu alisoma, akanipa simu, akatoka nje. Hajamjibu mpaka leo.

Nikampelekea mama, maana picha ilikuwa yake. Aliishika simu kwa viganja viwili, akaitazama mpaka kioo kikazima, nikakiwasha. Akatazama tena. Kisha akainua kidole, akampapasa mtoto shavu.

Picha ikateleza, ikaja nyingine, ya trekta anayoiendesha Jogindar.

"Ameenda wapi?" akaniuliza, ameshtuka kabisa.

Nikamrudishia mtoto. Akampapasa tena, polepole zaidi, na mtoto akateleza tena. Alipoinua kidole mara nyingine nikamshika mkono.

"Usimguse, mama," nikamwambia. "Ukimgusa anaondoka. Mwangalie tu."

Nilipoyasikia mwenyewe, maneno yalikuwa yameshatoka. Mama aliurudisha mkono wake mapajani, akaufunika kwa pindo la sari.

"Haya," akasema, akaendelea kumwangalia.